Kizingiti cha Fundi Cheche

Fundi Cheche alikuja kwangu mara ya kwanza kutafuta bomba la chuma, akanipotezea asubuhi nzima na akaondoka mikono mitupu. Mimi nauza vifaa vya ujenzi vilivyokwisha kutumika: milango, madirisha, mabati, vyuma vya kila namna. Nilianza na rundo la misumari iliyopinda, nikiinyoosha mwenyewe kwa nyundo, na leo nina yadi yenye ukuta. Mteja akiingia namsoma kabla hajafungua mdomo. Huyu alinishinda. Alipita kwenye mabomba yangu akiyagonga moja baada ya jingine kwa spana, ameinamisha sikio kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

"Kaka, unanunua au unayapima homa?" nikamwuliza.

"Hili lina ufa ndani," akasema.

"Mbona mimi siuoni?"

"Hata mimi siuoni. Nausikia."

Nikamwambia bomba likianza kuongea nalipandisha bei. Hakucheka. Kesho yake akarudi kulitaka bomba lile lile, kwa bei ya bomba bovu. Kupatana bei hajui hata kidogo. Hana maneno, hasingizii watoto wagonjwa, hajifanyi kuondoka. Anataja bei yake moja, ananyamaza, anakutazama, na ule ukimya wake unakukaa kooni mpaka unaona heri uuze uendelee na mambo mengine. Nikauza.

Siku iliyofuata nikamkuta mlangoni kwangu, kofia ya kuchomelea kichwani, mashine kwenye mkokoteni. Bila hata kunisalimia vizuri akaanza kuchomelea bawaba ya geti langu, iliyokuwa imelegea tangu nihamie pale. Nikamwambia sijamwita na silipi.

"Silipishi," akasema. "Bomba lilikuwa zima. Nimelikata, halina ufa. Nilikudhulumu."

Nikamwacha achomelee. Mtu akikuletea faida kwa miguu yake mwenyewe huna sababu ya kumfukuza. Lakini niliweka akilini kwamba huyu ni mtu asiyeweza kulala na kosa, na katika biashara mtu wa namna hiyo ana faida kuliko mwenye mali.

Karakana yake ilitazamana na yadi yangu, mahali uchochoro unapotokea upande wa chini, karibu na soko na zahanati. Uchochoro wenyewe ulipita katikati ya kuta za nyuma za nyumba, ukapanda mpaka upande wa juu wanakokaa watu. Mwembamba, gari haliingii, lakini mtaa mzima ulipita humo. Wanafunzi, wauza mboga na karai zao, wagonjwa wa zahanati, wanawake waliojiwekea desturi ya kutembea jioni kwa makundi wakisema wanapunguza tumbo, huku wakiongeza habari za watu. Usipopita hapo, uzunguke kwa barabara kuu, mwendo mrefu, kando yake mtaro wazi na hakuna mahali pa kuweka mguu ila penye magurudumu ya malori.

Watu hao ndio walionilisha. Mtu wa miguu hununua kwa macho. Amekwenda zake kutafuta nyanya, anaona dirisha langu, anakumbuka chumba cha nyuma hakina hewa. Aliye juu ya pikipiki haoni kitu. Anaona mgongo wa dereva.

Katika wote hao, aliyepita bila kukosa alikuwa dada yake Fundi. Mtaa mzima tulimwita Dada, hata waliomzidi umri. Wazazi wao walipofariki yeye ndiye aliyeingia jikoni kwenye shule moja, akapika kwenye masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea ndani, akamlipia mdogo wake ufundi mpaka akapata mashine yake. Yale masufuria yalimwachia nyonga mbovu. Akitembea alielemea kushoto, kisha kulia, kama bata mwenye haraka. Baadaye akapata na sukari. Pale zahanati walimwambia dawa ni nusu tu, nusu nyingine ni kutembea kila siku, mvua na jua.

Basi kila alasiri Dada alishuka. Alisalimia mlango hadi mlango, akapumzika kwenye ngazi ya mshonaji katikati ya uchochoro, akaingia kwangu.

"Mama Mabati, ule mlango wa bluu unauzaje?"

"Dada, si jana tu nilikwambia."

"Jana ilikuwa jana. Huenda usiku umepata akili."

Mlango wenyewe hakuwa na haja nao. Kutoka kwangu alivuka kwenda kwa mdogo wake, akakaa juu ya kreti, akaanza kumsema: shati chafu, hajala, mwanaume mzima analala nyuma ya karakana na mitungi ya gesi kama ndio mke wake. Fundi anashusha kofia usoni na kuchomelea. Lakini kabla Dada hajafika, niliona jinsi anavyoipangusa ile kreti kwa kitambaa.

Kisha zikaja pikipiki za wezi. Wawili juu ya moja, wanaingia uchochoroni kwa kasi, aliye nyuma ananyakua mkoba au simu, wanatokea upande wa pili kabla hujamaliza kupiga kelele. Mwanamke mmoja alivutwa mpaka akavunjika mkono. Mwenyekiti wa mtaa akaita mkutano nyumbani kwake. Mwenyekiti alikuwa karani wa mahakama kabla ya kustaafu, na mpaka leo hata akiomba chumvi huanza na "kwa mujibu wa".

Ikaamuliwa geti lijengwe upande wa juu. Geti kubwa la kufungwa kwa kufuli, na ndani yake mlango mdogo wa watu, utakaokuwa wazi mchana kutwa.

"Na pikipiki itapita kwenye mlango mdogo," mtu mmoja akasema. "Hao wanapita hata kwenye tundu la sindano."

Hapo Fundi Cheche, ambaye mkutanoni huwa kama kiti, akainuka. Alisema geti lolote lenye mlango ndani lazima liwe na chuma kinachopita chini, kinachoshika pande mbili, la sivyo litalegea na kushuka. Kwa kawaida chuma hicho hukaa karibu na ardhi. Yeye atakipandisha mpaka kimo cha goti, na atatumia bomba nene. Kwa njia hiyo geti halitashuka maisha, na pikipiki itakwama papo hapo.

"Na sisi je?" akauliza mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni.

"Mwenye miguu miwili ataruka," akasema Fundi.

Watu wakacheka, kwa sababu Fundi akichekesha ni kama mvua ya kiangazi. Alikaa chini amefurahi mpaka masikio yakamwiva. Bomba lenyewe alilichukua kwangu, lile nene kuliko yote, lililokuwa limenikalia bure kwa muda mrefu. Niliuza na sikuuliza swali. Mimi siulizi mteja chuma anakipeleka wapi.

Kusema kweli lilikuwa geti zuri. Mafundi wa mitaa mingine walikuja kuliangalia, wakalitikisa, halikutoa hata mlio. Siku ya kulifungua Mwenyekiti alitoa hotuba, kisha akamwita Dada awe wa kwanza kupita, kwa heshima ya fundi. Dada alisogea. Alikitazama kile chuma. Akaweka mkono begani kwa mdogo wake, akanyanyua mguu mmoja, akabaki amekaa juu ya chuma kama mtu aliyepanda punda, watu wakapiga makofi, akauvuta na wa pili. Jasho lilimtoka. Alicheka pamoja na wote, akasema, "Geti la mdogo wangu hili, nani ana kama hili."

Alasiri ile alishuka karakanani kama kawaida. Kulikuwa na wateja wamemzunguka Fundi wanamsifu, kila mmoja anataka geti. Dada akakaa kwenye kreti yake, akaanza: sasa umekuwa maarufu, tafuta mke, mashine haiolewi. Watu wakacheka. Na Fundi, sijui ni sifa zilimpanda kichwani, akamjibu mbele yao:

"Dada, kwako huna kazi? Mbona kila siku uko hapa?"

Dada akafunga kanga yake vizuri, akaaga kwa adabu kila mtu, akaondoka. Hatukumwona tena huku chini.

Sasa ngoja nieleze geti lilifanya nini, maana halikufanya jambo moja. Wizi wa pikipiki uliisha, hilo sitamnyima. Lakini uchochoro ukaanza kukauka. Wa kwanza kupotea walikuwa wenye watoto wachanga na wenye mikokoteni. Kisha wauza mboga, kwa kuwa huwezi kuruka na karai kichwani. Wale wanawake wa jioni walijaribu siku chache, sketi zikachanika, wakaacha; matumbo yakarudi. Wanafunzi waliruka vizuri, lakini mama zao waliona uchochoro umekuwa mtupu na unatisha, wakaanza kuwapakia pikipiki mpaka shuleni, mahali ambapo zamani walifika kabla peremende haijaisha mdomoni. Mtu akitaka chumvi tu, pikipiki. Ikawa kila mtu analalamika miguu inavimba, na hakuna aliyejiuliza kwa nini. Mimi nilijiuliza, kwa sababu madirisha yangu yalikaa mpaka buibui wakahamia.

Fundi yeye alijua jambo moja tu: Dada amekasirika. Kila alasiri alipangusa kreti, akatazama uchochoro, akarudi kazini.

"Mpigie simu," nikamwambia.

"Nimempigia. Anasema yuko salama, ana shughuli, atakuja."

"Basi nenda."

"Nitasema nini?"

"Utasema samahani. Neno lenyewe halina uzito, utalibeba."

Hakwenda. Aliona aibu, na ile aibu ikawa kila siku inaongezeka, kama uozo wa nyumba ambayo hukuiezeka mapema. Kwa mtu aliyekuja kunichomelea geti kwa ajili ya ufa usiokuwepo, nilishangaa. Baadaye nikaelewa. Kosa dogo alijua namna ya kulilipa. Hili hakujua aanzie wapi.

Miezi ikapita. Siku moja akaingia yadini msichana amepanda pikipiki. Alikuwa mpwa wake Fundi, binti wa pekee wa Dada. Alitaka vipande viwili vya bomba, vifupi, vya kukaza ukutani.

"Vya nini?" Hapo nikavunja kanuni yangu.

"Vya bafuni. Mama ashike anapoinuka."

"Ashike kwa nini? Mama yako si alikuwa anafika mpaka hapa?"

Akaniangalia kama mtu asiyeamini kwamba nakaa mtaa huu. "Mama hajatoka nje tangu lile geti. Mguu hauinuki. Alijaribu mara mbili asubuhi, wakati watu hawajaamka, akaanguka. Barabara kuu nimemkataza, lori lilimkosa kidogo. Sasa anakaa tu. Sukari imepanda, na kidole cha mguu kina kidonda ambacho hakifungi. Tafadhali usimwambie Mjomba. Mama amesema asiambiwe."

Nilimwambia sitasema. Alipofika kona nikavuka barabara nikasema. Kuna ahadi ambazo ukizitunza unamsaidia nani?

Fundi alikuwa anakata chuma kwa grenda. Aliizima, akaiweka chini polepole sana, kama ingelipuka.

"Ataruka," akasema.

"Nani?"

"Nilisema mwenye miguu miwili ataruka. Mbele ya watu wote." Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshika waya wa umeme.

Tulikwenda pamoja, mimi na mabomba yangu, yeye na mashine yake, na kwa kuwa mkokoteni wake haupiti kwenye geti, tulizunguka barabara kuu. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza anaipita kwa miguu tangu geti lijengwe. Mara mbili tuliingia mtaroni kukwepa malori.

Dada alikuwa sebuleni, mguu umelazwa juu ya stuli, umefungwa bendeji. Alikuwa amenenepa unene mbaya, ule wa kukaa. Alipomwona mdogo wake alijaribu kuinuka, akarudi chini.

"Ehe," akasema, "leo karakana imekufukuza?"

Fundi alisimama mlangoni na ile mashine begani. "Nimekuja kuweka vyuma vya bafuni."

"Mama Mabati, ulimi wako huo ungeuzwa kwa kilo ungekuwa tajiri."

"Mimi ni tajiri tayari, Dada," nikasema.

Fundi aliingia bafuni, akatoboa, akakaza. Alifanya kazi ya muda mfupi kwa muda mrefu. Mimi na Dada tulikaa tukisikiliza. Alipotoka alipiga magoti mbele ya ile stuli, jambo ambalo sikutegemea kuliona.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Mtaa mzima unakusifu. Kila anayekuja hapa ananiambia, Dada, mdogo wako ameweka geti. Nianze kusema geti limenishinda?"

"Mimi nilidhani umekasirikia maneno yangu."

"Maneno yapi?"

Akamkumbusha, kwa sauti ndogo. Dada akafikiri kwanza.

"Aa, hayo. Nilikasirika mpaka nilipofika kwenye geti. Hapo nikapata shida nyingine, nikayasahau. Mshonaji ndiye aliyenivusha siku ile, alinibeba kama gunia. Nilisema moyoni, sitabebwa tena kila siku kama gunia mbele ya watoto wa watu. Ndiyo hivyo tu."

Ingekuwa nafuu kwa Fundi kama Dada angemtukana. Aliinamisha kichwa kwenye ile stuli, kando ya mguu, na Dada akamtoa vumbi la chuma kwenye nywele, huku akimwambia hata leo hajaoga.

Kesho yake Fundi alikwenda na grenda kulikata geti. Mwenyekiti alimkuta hajawasha. Akamwambia kwamba kwa mujibu wa michango ya wakazi, geti hilo ni mali ya mtaa, na atakayeligusa atashtakiwa, hata kama ndiye aliyelijenga. Fundi akaja kwangu. Alikaa juu ya bati, akanyamaza, na ule ukimya wake wa kupatana bei safari hii haukuwa na kitu cha kununua.

"Unataka nini hasa?" nikamwuliza. "Usiniambie unavyojisikia. Niambie unataka nini."

"Dada atembee."

"Na pikipiki?"

"Zisipite."

"Basi umenipa mzigo unaouzika."

Nikamwuliza ufundi wake unasema nini. Akachora kwa chaki sakafuni: nguzo badala ya geti. Safu mbili, ya pili imepishana na ya kwanza, hivyo mtu anaingia, anapinda kidogo, anatoka. Pikipiki ni ndefu, haiwezi kupinda pale. Ardhini hakuna kitu, hata uzi. Tulimkodi dereva wa pikipiki aje ajaribu kati ya mapipa yangu tuliyoyapanga hivyo hivyo. Alikwama, akatukana, akajaribu kwa ubavu, akakwama tena. Kisha nikapita na toroli, nikapita.

Kwa Mwenyekiti nilitangulia mwenyewe. Mtu usimwombe akupe kitu. Mwulize yeye anakosa nini. Mwenyekiti alikosa taa. Kwa miaka alikuwa ameahidi taa uchochoroni, na watu walikuwa wameanza kumwita Mwenyekiti wa Giza. Nikamwambia: mimi natoa nguzo zote na mlingoti wa taa, Fundi anatoa kazi yote bure, mtaa unapata taa, wewe unaiwasha mbele ya watu. Mimi nachukua geti.

"Na wezi wakirudi?" akauliza.

"Watarudi kwa miguu. Na kwa miguu watakimbia kama sisi, tutawafikia."

"Wewe umeshamfikia nani na mwili huo?"

"Wewe hapa nimekufikia."

Akacheka, lakini akataka jambo lipite mkutanoni. Alihitaji sababu ya kuwaambia watu waliochanga. Nilikuwa nimeandaa sababu nzuri kabisa: geti lina hitilafu kwenye msingi, litakuja kuangukia mtoto. Ilikuwa uongo mwepesi, usiomchafua mtu. Mkutanoni nikaanza kuisema, na Fundi akainuka akanikata.

"Geti ni zima," akasema. "Halina hitilafu. Mimi ndiye nilikosea. Nilipima pikipiki, sikupima watu. Dada yangu ameshindwa kupita, na kila mwenye mguu mbovu hapa ameshindwa, na nilipoulizwa nilifanya mzaha. Naomba niliondoe."

Kisha mzee mmoja wa mwisho wa mtaa, ambaye nilidhani amesafiri kwa jinsi alivyopotea, akasema hata yeye. Mama mwingine akasema hata mama mkwe wake. Ikatokea kumbe nyumba nyingi kuna mtu amekaa ndani, na kila nyumba ilidhani ni yake peke yake.

Walikubali. Lakini mafundi wa mitaa mingine walikuwapo, na habari ikatangulia mbele ya taa: Cheche anajenga mageti halafu anayakata. Wateja wawili waliokuwa wamemwekea kazi wakaipeleka kwingine. Nilimwambia angeniacha niseme uongo wangu, ungemwachia jina.

"Ningelifanyia nini hilo jina?" akaniuliza.

Alilikata kutoka ukutani mchana, watu wanatazama. Lilimchukua muda, kwa sababu alikuwa amelichomelea vizuri.

Geti lilikuja kwangu, kwa sharti moja alilonipa Fundi kabla hajalipakia: nisimwuzie mtu atakayeliweka kwenye njia ya watu. Nilikubali kwa haraka, maana sharti la mdomo ni jepesi. Wiki ile ile wakaja wazee wa mtaa wa pili. Wao pia wana uchochoro, wao pia wana wezi. Wakalitikisa, halikulia. Wakataja bei ambayo hata mimi nisingethubutu kuianza. Nilifungua mdomo kusema ndiyo. Ng'ambo ya barabara Fundi alikuwa amesimama, kofia imenyanyuliwa usoni, ananitazama na kunyamaza. Niliwaambia limeshauzwa. Lilikaa likila nafasi mpaka mwenye yadi ya malori, mahali pasipopita mtu kwa miguu, akalichukua kwa bei ya kulitupa. Mpaka leo nikikumbuka napiga hesabu upya.

Uchochoro ulirudi, lakini si kwa siku moja. Miguu iliyozoea pikipiki haikumbuki haraka. Kwanza walirudi wa mboga, kisha toroli za watoto, kisha wale wa jioni na umbea wao mpya. Madirisha yangu yakaanza kuonekana tena. Mimi katika jambo hili nimepata, ukitoa lile geti. Mwenyekiti amepata taa na jina jipya.

Dada alipoteza kidole. Walikikata kabla zege la nguzo halijakauka. Alipopona walimwambia aanze upya, polepole. Sasa anafika kwenye ngazi ya mshonaji, na hapo ndipo mwisho wake. Kwangu hajafika tena, wala karakanani, na daktari amesema tusitegemee. Angetembea tangu mwanzo bila kukaa ile miezi, nani ajuaye. Fundi ndiye anayejua, au anadhani anajua, na hakuna anayeweza kumtoa hapo.

Kila alasiri anazima mashine kazi ikiwa motomoto, wateja wakiwa wamesimama, anapanda juu, anamchukua dada yake, wanashuka pamoja, mkono wa Dada begani kwake. Kazi zinampita. Nilimwambia hivyo utakufa maskini, akasema ndiyo. Njiani anamwomba radhi, kila siku, na siku moja nilikuwa kwa mshonaji nikawasikia.

"Ukisema tena samahani," Dada akamwambia, "narudi ndani nafunga mlango."

"Sawa, Dada."

"Sawa nini?"

"Sitasema."

Wakaenda kidogo. Dada alikuwa anahema.

"Umeshaanza kuwaza kusema," akasema.

Fundi aliweka bega lake chini kidogo ili mkono wa dada yake ukae vizuri, wakageuka pale kwenye ngazi, wakaanza kupanda.